Mwaka Nilioishi kwa Koplo Ojok

Shemeji yangu Ojok tulimzika kwao Kitgum, kaskazini mwa Uganda, majuma mawili kabla ya Krismasi iliyopita. Nilisafiri kutoka Bwera kwa mabasi matatu, nikafika miguu imevimba, nikakuta watu wamekaa chini ya turubai wakinywa kwete, pombe ya mahindi, kwa vibuyu kama inavyofanyika kule mtu akifa. Shangazi yake mmoja, mama mzee sana, alinisogelea na kibuyu kilichojaa. Akaniambia ninywe, kwa kuwa nimetoka mbali. Nilimwambia asante mama, mimi sinywi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa, kisha akakinywa mwenyewe hadi mwisho. Mhubiri alisema marehemu amesumbuliwa na ini, akakimbilia mistari ya Biblia. Hakuna aliyeuliza ini lile liliharibiwa na nini. Dada yangu Masika alikuwa amekaa juu ya mkeka karibu na jeneza, na nilipokaa naye aliniambia kwa lugha yetu, Lhukonzo, bila kunitazama, "Kabugho, wewe ndiye ulitakiwa kuwa ndani ya sanduku hili. Yeye ndiye alitakiwa kuja kukuzika wewe." Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa ukutani. Tangu siku ile maneno hayo ninalala nayo na kuamka nayo, na ndiyo yamenifanya nikae chini nieleze mwaka ule niliokaa nyumbani kwao.

Nilikuwa na miaka thelathini na ushee, na nilikuwa na hoteli yangu ya chakula Bwera, chumba kimoja kando ya barabara inayokwenda mpakani, pale malori yanaposubiri kuvuka kuingia Kongo. Nilipika ugali wa muhogo, ule tunaouita bundu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani. Nilipika vizuri, watu wote walisema hivyo, na nilikunywa tangu asubuhi. Enzi zile waragi, ile pombe kali, iliuzwa kwa vipakiti vidogo vya plastiki ambavyo baadaye serikali ilivipiga marufuku, na mimi niliviweka ndani ya debe la unga, nikatafuna pembe ya kipakiti na kunyonya huku nikisonga ugali. Bila kipakiti cha kwanza mikono haikuweza kushika mwiko. Mwaka ulipokuwa unaisha ulimi wangu ulikuwa umekufa. Nilitia chumvi mara mbili, au sikutia kabisa. Madereva walianza kula ng'ambo ya barabara. Dereva mmoja Mkongo, mzee mpole ambaye alikuwa amekula kwangu miaka, alisogeza sahani akaniambia, "Mama, hii samaki yako ya leo, hata mbwa itakataa. Watu beko wanasema unakunywa. Ni kweli?" Nikamwambia ni malaria. Akasema pole, akaondoka, na sikumwona tena.

Krismasi Masika alikuja kuniona, akanikuta nimelala sakafuni jikoni, mlango wazi, sufuria inaungua. Hakunigombeza. Alifagia, akafunga hoteli kwa kufuli, akanipeleka Kasese, alikoishi, siku ya mwisho ya mwaka. Tulikwenda moja kwa moja kwenye mkesha wa kanisa lao, na mchungaji alipoita watu wanaotaka kuacha kitu fulani mwaka mpya waje mbele, Masika alinishika kiwiko akanisimamisha. Tulikuwa wengi pale mbele. Kijana mmoja alikuwa anaacha kamari, mama mmoja anaacha kusengenya, na watu wakacheka kidogo. Mimi nilisema kwa sauti kwamba kuanzia dakika ile sitaonja pombe tena, na kanisa zima likapiga makofi. Nilikuwa nimekunywa vipakiti vitatu chooni kabla ya kuingia.

Mumewe Masika alikuwa koplo wa polisi, Mwacholi, na walikaa kambini katika moja ya zile nyumba za bati za duara ambazo askari huziita yunipoti. Ndani ni chumba kimoja tu. Upande mmoja kulikuwa na kitanda chao, upande wa pili godoro la watoto wawili, na katikati pazia la kitenge cha kijani. Mimi nilipewa nafasi nyuma ya pazia, pamoja na watoto. Jua la Kasese likipiga bati lile kuanzia saa nne asubuhi, unakaa kama mkate ndani ya tanuri, na kila neno linalosemwa upande mmoja linasikika upande mwingine, na hata kwa jirani. Kwa kuwa Masika hakujua Kiacholi vizuri na Ojok hakujua Lhukonzo, nyumba ile iliendeshwa kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kifupi, kama amri. Sikuwa nimezoeana naye. Nilimwita afande. Alikuwa mrefu, kimya, akipiga pasi sare yake mwenyewe kila asubuhi kwa pasi ya makaa, na nilimwogopa.

Kesho yake, siku ya mwaka mpya yenyewe, nilianza kutetemeka. Jasho lilinitoka hata penye kivuli, uji ulirudi kila nilipoumeza, na moyo ulikwenda mbio kama nimekimbizwa. Masika alifurahi. Alisema ni uchafu unatoka. Mchana ule nikiwa nimejikunja juu ya godoro nilimsikia Ojok upande wa pili wa pazia.

"Masika, mutu ya pombe hapana acha hivi mara moja. Mupe kidogo asubuhi, kidogo jioni. Kesho punguza. Mpaka iishe. Ama tupeleke hospitali."

"Baba Aber, ameapa mbele ya Mungu."

"Mungu anaelewa. Mwili yake haielewi."

"Unataka mimi nimpe dada yangu pombe kwa mkono wangu?"

"Mimi nitampa."

Nilimsikia akitoka. Aliporudi alifunua pazia, akachuchumaa, mkononi ana kifuniko cha chupa kilichojaa waragi. Ile harufu. Nilinyanyuka mzima kama mtoto anayesikia maziwa. Masika alitokea nyuma yake, akakipiga kile kifuniko kwa kiganja, waragi ikamwagika juu ya shuka, akachukua chupa akaitupa nje mlangoni mbele ya majirani. Ojok alikwenda kazini. Na mimi, naomba msomaji anielewe, baada ya wao kutoka niliinama nikanyonya ile shuka.

Siku iliyofuata ndiyo karibu inichukue. Mchana, misumari ya bati ilianza kutembea. Ilikuwa siafu, ilishuka ukutani kwa mistari, ikaingia kwenye nywele zangu, na nilipojaribu kuwaonya watoto wa Masika waondoke sauti haikutoka. Baada ya hapo sikumbuki. Wanasema nilianguka, nikakakamaa, nikapiga sakafu kwa kisogo, povu mdomoni. Masika alipiga kelele na wanawake wa kambi wakajaa ndani. Mke wa sajini, ambaye aliongoza maombi ya akina mama, alisema ni mapepo yanakataa kutoka, akaagiza nishikwe mikono na miguu na kijiko kiwekwe kati ya meno. Mwingine akasema sisi watu wa mlimani tunazaliwa na mizimu. Walikuwa wakinigandamiza na kuomba kwa sauti Ojok alipoingia.

"Toka," alisema. "Wote toka. Acha hiyo kijiko."

Mke wa sajini akamwambia hilo ni jambo la kiroho.

"Mama, mimi nimesema toka."

Walitoka. Akanilaza kwa ubavu, akavua shati la sare yake akalikunja chini ya kichwa changu, akamtuma mtu akazuie lori lililoleta kuni kambini. Nilipelekwa hospitali nimelala juu ya magome ya kuni, yeye amenishika kichwa, yuko kifua wazi, koplo mzima, katikati ya mji mchana.

Niliamka na dripu mkononi. Mlango wa wodi ulikuwa wazi kidogo na daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alikuwa akizungumza na Masika kwenye veranda. Alimwambia kwamba mwili uliozoea pombe miaka mingi ukinyimwa kwa siku moja unaweza kufa, kwamba ziko dawa za kumshusha mtu polepole, na kwamba ilipasa wanilete siku ya kwanza. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa wadogo, dada yangu akilia kwa kwikwi, na daktari akisema pole mama, pole, hukujua.

Jioni Ojok aliketi kwenye ukingo wa kitanda changu, na bila mimi kumuuliza alieleza alivyojua. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Zamani mimi nalinda sero, kituo moja ya mbali. Wakaweka ndani mzee moja, mulevi. Kwanza analia, anataka pombe. Kesho anatetemeka, anaongea na ukuta. Sisi tunacheka. Mimi nasema, huyu mzee anajua kuigiza. Asubuhi ingine mimi naleta chai, nakuta yeye baridi." Aligusa meno yake ya mbele. "Ilikuwa na meno moja tu hapa mbele. Bado mimi namwona."

Nilimwambia, "Asante, shemeji." Tangu siku ile sikumwita afande tena.

Watu wa kanisani wanapenda kunisimamisha kila Januari nitoe ushuhuda, na wanataka uishie hapo: niliapa, nikaanguka, nikainuka. Sikuinuka. Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kuliko ile siku, kwa sababu siku ile sikuwa na akili na miezi ile nilikuwa nayo. Nilikaa ndani ya bati lile nikisikia kila kitu. Nyuma ya mstari wa tatu wa nyumba kulikuwa na mama aliyetengeneza malwa, pombe ya ulezi, na kuanzia saa kumi askari waliotoka zamu walikaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakicheka. Niliwajua wote kwa vicheko. Nilijua chungu kimejazwa maji ya moto mara ngapi. Masika alinifungia ndani anapokwenda sokoni, nami sikumlaumu. Nilifua, nilimenya ndizi, nilichambua mchele ambao haukuwa na mawe. Mchana mmoja alipika malakwang, yale majani machachu ya watu wa kaskazini yanayoungwa kwa simsim, na kwa mara ya kwanza nikamaliza sahani. Ojok aliitazama sahani tupu, akaniongezea bila kuuliza. Siku hiyo hiyo, nikidhaniwa nimesinzia, nilimsikia Masika akimuuliza mumewe, "Mimi nitachoka lini, Baba Aber?" Naye akasema, "Hapana choka bado."

Alichoka mvua za Pasaka zilipoanza. Alinituma Kinyamaseke kununua unga wa muhogo, kwa kuwa nilikuwa nimekaa vizuri wiki nyingi na alitaka kunionyesha kwamba ananiamini. Pale sokoni mvua ilishuka, nikakimbilia veranda ya duka, na duka lilikuwa linauza vipakiti. Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyenisonga, sikuwa na huzuni, sikugombana na mtu. Nilisimama nikitazama maji yakitiririka toka kwenye paa, nikanunua kimoja kama mtu anayenunua kiberiti. Nilirudi kambini baada ya siku mbili, sina unga, nina kiatu kimoja. Masika alinikuta mlangoni akasimama katikati ya mlango.

"Nina watoto, Kabugho," alisema kwa lugha yetu. "Siwezi kukuzika kila mwezi."

Akafunga. Nilikaa chini kwenye matope, majirani wakipita na madumu yao ya maji wakijifanya hawanioni. Ojok alitoka kazini akaniona, akageuza dumu tupu akaketi juu yake kando yangu. Nilimwomba anifungulie.

"Nyumba ni ya Masika," alisema. "Yeye akifunga, imefungwa. Twende kwa daktari uchukue ile dawa. Halafu utalala kwa jiko ya kambi. Mimi nimeongea na mupishi."

Nililala jikoni mwa kambi kati ya magunia ya maharage, nikimeza vidonge kwa saa alizopanga daktari. Nilitaka kufa, na nasema hivi bila kupamba. Nilikuwa nimeapa mbele ya kanisa, nikasamehewa, nikalishwa, nikaaminiwa, nikavunja yote kwa sababu ya mvua. Sikuona mtu kama huyo anabakizwa duniani kwa kazi gani. Siku sijui ya ngapi Masika mwenyewe aliingia mle jikoni na sahani ya bundu na sombe, akaiweka mbele yangu, akakaa juu ya gunia la maharage akanitazama nikila mpaka mwisho. Nilipomaliza alisema, "Kesho unafua mashuka yote," akachukua sahani akaondoka. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kama kuna tarehe, ni mahali fulani katika siku hizo, na siijui. Ninachojua ni kwamba haikuwa mwaka mpya na hakuna aliyepiga makofi.

Nilirudishwa nyuma ya pazia, na tangu hapo sikuonja tena, lakini kutoonja hakukuwa furaha. Nilikuwa mtu aliyening'inia. Nilijishikiza kwa vitu vya nyumba ile: pasi ya makaa asubuhi, filimbi ya gwaride, Ojok akisema "shemeji, chai," jioni wote tukila kutoka sinia moja mlangoni kwa sababu ndani hakukalika. Niliamini kwamba nikibaki nyuma ya pazia lile la kijani nitaishi, na nikitoka nitakufa. Kisha, kuelekea mwisho wa mwaka, barua ya uhamisho ikaja. Ojok alipelekwa Karamoja, kituo cha mpakani, na Masika na watoto wangemfuata. Nilimwangukia. Sikuona haya. Nilimwambia nitalala nje, nitapika, nitachota maji, wasiniache.

"Shemeji, hapana," alisema. "Kule tunakaa kwa hema. Kule pombe iko kuliko maji." Alikuwa anapanga sare zake ndani ya sanduku la bati na hakugeuka. "Mimi mwenyewe naogopa kule."

Sikumsikia. Nilisikia tu kwamba amekataa. Ni juzi tu, pale Kitgum baada ya mazishi, tukiosha masufuria, ndipo Masika aliponieleza jambo ambalo sikuwahi kulijua. Ojok alikuwa mnywaji kabla sijaingia nyumbani kwake, si wa kuanguka, wa kila jioni, kwenye chungu kile cha mstari wa tatu. Siku niliyorudi toka hospitali alimwambia mkewe kwamba hawezi kuingia na harufu ndani ya chumba ambamo mimi nalala, akaacha. Aliacha mwaka wote. Walipofika Karamoja hapakuwa na mtu nyuma ya pazia, akarudia, na kila mwaka ikazidi. Nilikuwa nimesikia habari zake kwa juujuu miaka ya karibuni, nikampigia simu kumwomba aende hospitali, nimsindikize mimi mwenyewe. Alicheka kwa upole. "Wewe ulikuwa na sisi," aliniambia. "Mimi sasa nimezeeka, nitaacha kwa sababu ya nani?" Nikamwambia kwa sababu yangu. Akasema, "Wewe umeshapona, shemeji," akakata. Nimejiuliza ingekuwaje kama ningepanda basi siku ile badala ya kukaa nikiitazama simu. Masika anasema nisijiulize. Lakini yeye ndiye aliyesema maneno yale kando ya jeneza, na nadhani sote wawili tunajiuliza.

Walipohamia Karamoja, nilirudi Bwera peke yangu. Kufuli ilikuwa imeota kutu, nikaivunja kwa jiwe. Nilitupa debe la unga bila kulifungua, nikaosha sakafu kwa sabuni siku nzima, nikaanza kupika. Madereva walirudi polepole, mmoja mmoja, wakionja kwa ncha ya ulimi. Nilifunga mapema, nikatembea barabarani nikitazama chini nisione maduka. Sikuongea na mtu. Nilifikiri huo ndio ujasiri.

Mchana mmoja, Krismasi ya mwaka uliofuata ikikaribia, dereva alimaliza kula akaharakisha kwa sababu foleni ya malori ilikuwa imesogea, akaacha chupa ya waragi mezani, nusu. Wateja wengine walikuwa wameondoka. Nilichukua kitambaa kusafisha meza, nikasafisha meza zote nyingine, nikarudi kwenye ile. Nilisimama. Nilijua jinsi kifuniko kingelia. Kasese hapakuwa tena na nyumba ya kukimbilia, na Karamoja sikuijua njia. Nilikuwa nimeshaweka mkono juu ya kiti ili niketi.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama Mkongo aliyeuza vitenge, jina lake Mama Furaha. Tulikuwa tumesalimiana tu, miezi yote. Nilitoka mlangoni nikamwita kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, kuja."

"Kuna nini?"

"Kuja unitolee chupa. Iko juu ya meza. Mimi siwezi kuishika."

Alinitazama kwa muda, mimi na mikono yangu. Akafunika vitenge vyake kwa nailoni, akavuka. Aliichukua ile chupa bila kuuliza chochote, akaenda nayo nyuma, nikasikia ikimwagika shimoni. Aliporudi akijifuta mikono nilidhani ataondoka.

"Mutu atakuja kununua kitenge," nilimwambia. "Nenda tu, yaya."

"Atangoja," alisema, akaketi. "Mutoto wangu wa kwanza, ni hii ilimuua. Leta chakula, tukule."

Nilimpakulia, nikajipakulia na mimi, tukala mpaka malori yote yakavuka. Kesho yake sikumwita. Ilipofika saa ileile alivuka mwenyewe, akavuta kiti, akauliza leo nimepika nini.